Laptop ya Kugawa: Kweli, Si Kweli na Nusu Kweli

Vyuo vinapokaribia kufunguliwa, laptop za zamani huanza kuhama nyumba. Mjomba aliyenunua mpya anamwachia mpwa wake ile aliyoitumia miaka saba. Ofisi inayobadilisha vifaa inapeleka kumi shule ya kata. Dada aliyeko Manchester anaifunga kwenye begi la mtu anayerudi Mombasa. Na kabla haijakabidhiwa, kila mtu ana ushauri wake: fundi ana wake, kijana wa jirani ana wake, na kundi la WhatsApp la ukoo lina wake, ambao kwa kawaida ndio mbaya kuliko ushauri mwingine wote.

Hizi hapa kauli zinazosikika sana. Nyingi zinaangukia upande mmoja kati ya pande mbili. Kuna wanaodhani kufuta ni kazi ya dakika mbili, wakagawa kompyuta pamoja na siri zao. Na kuna waoga wanaong'oa diski na kuipiga nyundo, wakampa mtoto wa watu kopo tupu asilo na uwezo wa kulijaza. Wote wawili wanakosea, ila wa pili husifiwa kwa uangalifu.

"Nimefuta mafaili yote na pipa la taka nimelimwaga, kwa hiyo haina kitu."

Si kweli. Kompyuta ina daftari lake linaloonyesha kila faili limelala wapi kwenye diski. Ukifuta faili, kinachoguswa ni daftari. Faili lenyewe halijabanduka. Ni kama balozi wa nyumba kumi kukata jina la mpangaji kwenye orodha yake huku mpangaji mwenyewe yumo chumbani anakunywa chai. Atatoka siku chumba kile kitakapopewa mtu mwingine, na kwenye diski ya gigabaiti 500 ambayo haijawahi kujaa hata nusu, huyo mtu mwingine huenda asije kabisa.

Kumrudisha hakuhitaji jasusi. Programu za kufufua mafaili kama Recuva na PhotoRec zinapatikana bure. PhotoRec hata hilo daftari hailiangalii: inapita diski kutoka mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo, iwe picha, PDF au Word, na kila inachokiokota inakiweka kwenye folda. Anayejua kupakua wimbo anaweza kuitumia.

Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha matokeo ya utafiti wao baada ya kununua diski 158 za mitumba. Zilizosomeka zilikuwa 129. Zilizofutwa sawasawa zilikuwa 12 tu. Katika zilizobaki walikuta namba za kadi za benki zaidi ya 5,000, hesabu za kampuni, kumbukumbu za wagonjwa na barua pepe tele. Diski moja ilionekana imetoka ndani ya mashine ya ATM. Waliouza hawakuwa wajinga. Wengi wao walikuwa wamefuta, kwa namna ileile tunayofuta sisi.

"Fundi ameshapiga Windows upya, iko safi."

Hii ni nusu kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoumiza watu wengi zaidi, kwa sababu mwenye laptop anaiwasha, anaona sura mpya, mandhari ya bluu, hakuna hata faili moja mezani, na moyo unatulia.

Kwanza, Windows ikipigwa juu ya ile ya zamani bila kufomati, haiitupi ya zamani. Inaikusanya kwenye folda moja ndani ya C inayoitwa Windows.old. Ukiifungua, ukaingia "Users", ukabonyeza jina lako la zamani, utakuta Desktop yako, Documents zako na Downloads zako zimepangwa kama ulivyoziacha. Hakuna programu ya kufufua iliyohitajika hapo.

Pili, kuna suala la D. Mafundi wetu wengi wana desturi nzuri ya kuigawa diski sehemu mbili, C ya Windows na D ya kazi za mteja, ili siku Windows ikiharibika kazi zisipotee nayo. Ndiyo maana fundi wa Kariakoo au wa Luthuli hukuuliza kabla hajaanza: "D niiguse au niiache?" Kwa mteja anayerudi na laptop yake nyumbani, jibu ni iache. Kwa anayeigawa, D ndiyo yenye kila kitu: vyeti vilivyoskaniwa, picha za harusi, barua ya talaka, CV za ndugu watano. Fundi aliyezoea kuokoa kazi za watu ataiacha bila kuuliza, na atakuwa amekutendea wema usioutaka.

Tatu, kufomati kwenyewe kuna namna mbili. Ile ya haraka, inayokwisha ndani ya sekunde chache, inaandika daftari jipya tu; mafaili yamelala palepale. Ile kamili, tangu enzi za Windows Vista, inaandika sifuri kwenye kila sehemu ya diski. Ile inayofanyika wakati wa kupiga Windows ni ya haraka. Kwa hiyo ukiona fundi amefomati na kumaliza kabla chai yako haijapoa, ujue alichofanya.

Sasa, kwa laptop yenye Windows 10 au 11 inayowaka vizuri, huhitaji fundi. Baada ya kunakili vitu vyako na kuhakikisha nakala inafunguka kwenye kompyuta nyingine (siyo kuiona tu, kuifungua), ingia Settings, kwenye sehemu ya Recovery, chagua kuiweka upya PC, halafu "Remove everything". Hapo wengi hukimbilia kubonyeza Next. Usikimbilie. Kuna maandishi madogo ya kubadili mipangilio. Ndani yake kuna swichi mbili muhimu: ya kusafisha data, ambayo ndiyo inayoifanya kompyuta ifute kwa kuandika juu, na ya kufuta kwenye diski zote, ambayo ndiyo inayoifikia D. Zote mbili kwa kawaida zimezimwa. Ziwashe. Ukiulizwa kama Windows mpya ipakuliwe mtandaoni au itoke humohumo ndani, kumbuka kwamba ya mtandaoni inaweza kula zaidi ya gigabaiti 4 za bando lako.

Chomeka chaja, acha ifanye kazi. Ikiwa ni diski ya kuzunguka, itachukua saa kadhaa. Ikimaliza itakuja kwenye ukurasa wa kuchagua nchi na lugha. Ishia hapo. Bonyeza kitufe cha kuwasha mpaka izime, ifunge. Anayepewa ndiye atakayeandika jina lake, na hatakuta "Welcome back, Baba Neema".

"Lazima ifutwe mara 35 ndipo isirudi."

Si kweli, ingawa namba hiyo haikuokotwa barabarani. Mwaka 1996 Peter Gutmann wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, aliandika makala iliyopendekeza mifumo 35 ya kuandika juu ya data. Alikuwa anakusanya mapendekezo ya aina zote za diski zilizokuwepo wakati ule, kila aina na njia yake ya kuhifadhi data. Hakuna diski moja iliyohitaji yote 35, na mwenyewe baadaye aliandika kwamba kuitumia yote kwa diski moja hakuna maana. Lakini watengeneza programu walikuwa wameshaipenda namba. Mpaka leo utaikuta kama chaguo la "usalama wa juu kabisa".

Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, unasema kwa diski za kuzunguka za leo kuandika juu mara moja kunatosha kwa kawaida. Mwaka 2008 Craig Wright na wenzake walijaribu kwa hadubini kusoma kilichokuwepo kabla ya kuandikwa juu mara moja tu, wakahitimisha kwamba kurudisha hata faili dogo lenye maana hakuwezekani.

Na hesabu ya muda haina huruma. Diski ya gigabaiti 500 inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde humaliza mzunguko mmoja kwa dakika 83 hivi. Zidisha kwa 35: karibu saa 49. Siku mbili, mchana na usiku, umeme usikatike. Aliyeanza kazi hiyo siku ya mgao ataishia kuiacha njiani, na diski iliyofutwa nusu ni mbaya kuliko iliyofutwa mara moja ikakamilika.

Kwa kompyuta isiyo na Windows inayofanya kazi, njia ya bei nafuu ni fleshi ya kupigia Windows, ya gigabaiti 8 au zaidi. Iwashe kompyuta kutoka kwenye fleshi: Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP nyingi ni Esc halafu F9. Ukurasa wa kwanza ukitokea, bonyeza Shift na F10 pamoja. Kidirisha cheusi kitafunguka. Andika diskpart, kisha list disk, usome orodha. Chagua diski yako kwa namba, kwa mfano select disk 0, kisha clean all. Neno "all" ndilo kazi yenyewe. Bila hilo linafutwa daftari tu. Baada ya hapo hakuna asilimia wala mstari unaosogea, ni alama inayowaka na kuzima kwa saa nzima au zaidi. Wengi hudhani imeganda wakaizima. Haijaganda.

Onyo moja: kabla ya yote hayo, chomoa diski ya nje yenye nakala zako. Diskpart haiulizi mara mbili, na kwenye orodha ile disk 0 na disk 1 zinatofautiana kwa ukubwa tu.

"SSD inafutwa vilevile."

Si kweli. SSD haina sahani inayozunguka. Ina vijumba vya kumbukumbu vinavyochakaa kwa kuandikwa mara nyingi. Ili visichakae upande mmoja, ubongo mdogo ulio ndani ya SSD huhamisha maandishi huku na kule bila kuiambia kompyuta, na huwa na vijumba vya akiba ambavyo kompyuta haivioni kabisa. Ukiamuru "andika sifuri hapa", ubongo huo unaweza kuziandika kwingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walilithibitisha hilo mwaka 2011: mbinu za kufuta faili mojamoja zilizozoeleka kwenye diski za zamani hazikufanikiwa kwenye SSD.

Dawa yake ni amri ya kufuta iliyojengwa ndani ya SSD yenyewe. Baadhi ya Dell, HP na ThinkPad zinayo kwenye BIOS (mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows), na watengenezaji kama Samsung, Kingston na Crucial wana programu zao za bure. Inakwisha haraka kuliko unavyotarajia, na hiyo si dalili ya ulipuaji. Kwa mtu wa kawaida asiyetaka kuingia BIOS, lile chaguo la Windows lenye swichi mbili linatosha. Kuifuta mara nyingi hakukuongezei usalama, kunaipunguzia SSD maisha.

Ukitaka kujua unayo ipi, fungua Task Manager, nenda Performance, tazama palipoandikwa Disk 0. Kwenye Windows mpya pameandikwa wazi: SSD au HDD.

Kuna habari njema kwa waliokuwa wamewasha BitLocker au usimbaji wa kifaa tangu mwanzo. Data zao zimeandikwa kwa fumbo, na ufunguo ukishateketezwa kilichobaki ni takataka. Tatizo ni lile la kabla ya kufuta: diski kama hiyo ukiitoa na kuichomeka kwingine ili unakili picha, itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha laptop mara ya kwanza. Utafute ufunguo kabla ya kushika bisibisi.

"Ipitishe sumaku, itose kwenye maji, au ipige nyundo."

Sumaku ya jikoni haifanyi lolote kwa diski ya leo, na kwa SSD hata sumaku kubwa haina kazi, maana humo hakuna kilichohifadhiwa kwa sumaku. Maji je? Diski huvumilia makubwa kuliko hayo. Chombo cha anga cha Columbia kilipovunjika angani Februari 2003, diski moja iliyokuwa na matokeo ya jaribio la fizikia ilianguka nacho kutoka angani, ikaokotwa miezi kadhaa baadaye imeungua na kubanjuka. Wataalamu wa Kroll Ontrack waliisoma kwa asilimia 99, na matokeo ya jaribio lile yakachapishwa. Ndoo ya maji nyumbani kwako ni mzaha mbele ya hayo.

Nyundo inafanya kazi ukipiga mahali penyewe, lakini swali ni kwa nini upige. Diski nzima iliyofutwa vizuri haina siri zaidi ya iliyovunjwa, na anayepewa laptop ataanza kazi siku hiyohiyo badala ya kutafuta hela ya diski. Vunja ile iliyokufa tu, isiyokubali kuandikwa, kwa sababu hiyo huna namna nyingine ya kuifuta.

"Hiyo haiwaki, kwa hiyo haina siri."

Si kweli kabisa. Kinachokufa mara nyingi ni ubao, kioo au chaji. Diski hutolewa kwa skrubu mbili tatu na kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine kwa waya wa USB unaouzwa madukani. Anayenunua laptop mbovu kwa ajili ya spea ananunua pia diski yako.

"Mimi sina cha kuficha."

Huenda. Lakini kompyuta ina mambo ya watu wengine. Laptop ya mwalimu ina majina na alama za wanafunzi. Ya mhasibu wa SACCOS ina salio la kila mwanachama. Ya zahanati, usiseme. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mbele ya sheria hizo, "tuliigawa kwa nia njema" si utetezi wa kujivunia.

Wakubwa wameshalipia. Benki ya Morgan Stanley ilikabidhi kazi ya kuondoa kompyuta zake za zamani kwa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na ujuzi wa kufuta data. Vifaa vingine vikaishia kuuzwa kwenye mnada mtandaoni na taarifa za wateja zikiwa ndani. Waliohusika walikuwa wateja wapatao milioni 15, na mwaka 2022 tume ya mitaji ya Marekani iliitoza dola milioni 35.

Na kwetu Afrika hiyo ndiyo njia vinayopita vitu hivi. Filamu ya uchunguzi iliyorushwa Marekani mwaka 2009 iliwafuata wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Kanada hadi Tema, Ghana, wakanunua diski za mitumba. Moja, ya dola 40, ilikuwa ya kampuni ya ulinzi ya Northrop Grumman na ilikuwa na nyaraka za mikataba yake na serikali ya Marekani. Sisi tunaopokea kompyuta za ng'ambo tumezoea kujiona mwisho wa mnyororo. Tukigawa zetu tunakuwa mwanzo wa mwingine.

Pembeni kidogo: mashine nyingi kubwa za fotokopi nazo zina diski ndani. Mwaka 2010 waandishi wa CBS walinunua nne zilizotumika wakakuta humo nyaraka za polisi na za wagonjwa. Ofisi inayouza fotokopi yake ya zamani ikumbuke hilo.

"Ukifuta Windows itabidi ununue nyingine, au uikraki."

Mara nyingi si kweli. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, laptop nyingi za dukani huja na ufunguo wa Windows umeandikwa ndani ya ubao wenyewe. Ukipiga upya toleo lilelile, Home kwa Home, Pro kwa Pro, ukiulizwa ufunguo bonyeza kwamba huna, uendelee. Ikishaunganishwa na intaneti itajitambua yenyewe. Zile za enzi za Windows 7 zina kibandiko chenye ufunguo chini ya laptop au nyuma ya betri, kama hakijasuguliwa na mapaja ya miaka kumi.

Vikraki vina shida ambayo mafundi hawaisemi: ili vifanye kazi, mara nyingi lazima kwanza uzime kinga ya virusi. Mtu anayekuomba umfungulie mlango na kumfunga mbwa, usimpe mpwa wako kama zawadi.

"Windows 10 imekufa, hiyo ni ya kutupa."

Sehemu ya kwanza ina ukweli. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure tarehe 14 Oktoba 2025. Wanaojiandikisha kwa nyongeza wanapata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo inadai chipu ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kuendelea, yaani za kuanzia 2017. Laptop nyingi tunazoziita nzima ziko upande wa pili wa mstari huo.

Sehemu ya pili si kweli. Linux Mint ya toleo la Xfce inakwenda vizuri na RAM ya gigabaiti 4, inapokea masasisho, haidai ufunguo wowote, na inakuja na LibreOffice inayofungua na kuhifadhi mafaili ya Word. Kwa mwanafunzi anayeandika ripoti, kusoma PDF na kutazama mihadhara mtandaoni, inatosha. Ila muulize kwanza. Wa uhasibu anaweza kuhitaji programu iliyotengenezwa kwa Windows tu, na zawadi inayomlazimu mtu kuhangaika kila wiki ni mzigo. Ukiipiga, kaa naye robo saa umwonyeshe Wi-Fi iko wapi na namna ya kuhifadhi kwa muundo wa Word.

"Ikipigwa upya inarudi kasi yake."

Nusu kweli. Utaondoa miaka ya programu zilizojipachika, na siku za mwanzo utaona tofauti. Lakini ikiwa ina diski ya kuzunguka, kinachoichelewesha ni diski. Kuiwekea SSD ndogo ya gigabaiti 240 au 256 kunaifufua kuliko upigaji wowote wa Windows, na kama una fedha ya kitu kimoja tu cha kuongeza kwenye zawadi, ongeza hicho.

"Virusi vyote vinaondoka."

Karibu kweli. Kuna vichache vinavyojificha kwenye BIOS. Kampuni ya ESET iligundua kimoja mwaka 2018, kikaitwa LoJax. Lakini virusi vya aina hiyo havitafuti laptop ya kwenda chuo. Cha kawaida zaidi hurudi kupitia fleshi ya nakala zako, ukiirudisha kabla ya kuichunguza.

"Mac ifutwe tu kama nyingine."

Usithubutu kabla ya kutoka kwenye akaunti ya iCloud na kuzima Find My. Mac zenye chipu ya T2, zilizoenea kuanzia 2018, na zote zenye chipu za Apple, hufungwa na akaunti ya mwenyewe hata baada ya kufutwa. Aliyepewa atakuwa na bati la bei ghali linalomuuliza nywila ya mtu aliyeko nchi nyingine. Kwa Mac hizo, kuanzia macOS ya 2021, kuna chaguo moja linalofuta kila kitu na kuondoa kufuli kwa pamoja.

"Intaneti haifunguki, laptop uliyonipa ni mbovu."

Hii hutoka kwa aliyepewa, kwa kawaida siku ya pili. Wi-Fi imeshika, lakini kila tovuti inaleta onyo kwamba si salama. Tazama pembeni, chini ya kioo: tarehe ni ya mwaka 2012. Betri ndogo ya saa iliyo kwenye ubao, mara nyingi ile ya duara iitwayo CR2032, imekufa, na kila laptop ikizimwa kabisa inasahau leo ni lini. Tovuti zina vyeti vya usalama vyenye tarehe. Kompyuta inayoishi 2012 inaviona havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe, na ukiweza badilisha betri hiyo kabla ya kugawa. Ukiwa BIOS, ondoa pia nywila uliyoiweka huko zamani. Kwenye laptop nyingi za ofisi ukiisahau hata fundi atashindwa. Na kama betri kubwa imevimba, itoe. Laptop itembee kwa chaja.

"Nikishaikabidhi, kazi imekwisha."

Si kweli kama uliigawa bila kuifuta, kwa mfano ile uliyomwachia mtu miaka miwili iliyopita ukasema utashughulikia. Kivinjari chake bado kinaweza kuwa ndani ya barua pepe yako, na barua pepe ndiyo inayobadilisha nywila za vingine vyote. Ingia kwenye akaunti yako ya Google na ya Microsoft, tazama orodha ya vifaa, kiondoe usichokuwa nacho, kisha ubadili nywila. Kwa simu yako, fungua WhatsApp, gusa "Vifaa vilivyounganishwa". Kompyuta uliyoiunganisha zamani inaweza kuendelea kusoma ujumbe wako mradi simu yako inatumika. Kama kuna jina la kompyuta usiyokaa nayo tena, liguse ulitoe leo, kabla hujampigia simu mwenye nayo.